Mtungi Uliokataa Kunyamaza

Baba mkwe wangu alikaa kwetu tangu mwanzo wa kiangazi hadi mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mtu pekee aliyezungumza naye alikuwa pombe.

Hakuwa mlevi. Hakuonja hata tone.

Alikuwa anaisalimia kila mchana, anaipa habari za nyumbani, na wakati mwingine anaisema vibaya familia yake, ambayo ni sisi.

Mnaotaka kucheka chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka, mpaka mchana mmoja nikaacha.

Mtaani wananiita Juisi. Nina kibanda cha kukamua matunda, mashine mbili, friji moja yenye tabia zake. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Kwa kawaida huniita mpenzi. Akikasirika huniita Juisi, kama wateja.

Mama yake alipofariki tulisafiri kwenda kuzika, tukarudi na baba yake, maana kule alikuwa amebaki na kuku na kuta.

Mzee huyu alikuwa dereva wa lori. Zamani akija kutusalimia, jirani wa nyumba ya tatu alikuwa anajua amefika. Alisimulia milima, matope, magurudumu yaliyopasuka, na mkono wake mmoja ulikuwa unabadilisha gia hewani bila yeye kujua.

Safari hii alikuja na begi moja. Akaingia chumba cha nyuma, akaketi kitandani, akatazama ukuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Hapo umemaliza mgao wako wa maneno kwa siku nzima.

Hakulia mazishini. Hakulia kwetu. Hakukanyaga sebuleni. Chakula alipelekewa chumbani, na sahani ilirudi imechokonolewa pembeni, kama amepita kuku.

Mke wangu alikuwa na shida yake. Mama yake alilazwa mbali, na aliyekaa naye mpaka mwisho ni baba peke yake. Kwa hiyo habari zote za mwisho za mama zilikuwa ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo amejifunga kufuli.

"Baba, mama alisema nini mwishoni?"

Mzee anageukia ukuta.

Mke wangu anarudi kwenye cherehani, anashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, anafumua.

Tukawa tunaishi hivyo.

Sasa, kuna harusi ilivunjika.

Haikuwa yangu, lakini mimi ndiye niliyeachwa. Waliagiza juisi ya tufaha ya kutosha ukumbi mzima. Nimeshakamua yote, nimeshachuja, nangoja gari lao, ndipo napigiwa simu kwamba bibi harusi amebadili mawazo. Nikamtakia kila la heri. Kisha nikatazama zile ndoo.

Juisi ya tufaha haina subira. Leo ni juisi, kesho ni mashaka, keshokutwa unaoshea sakafu.

Nikaingia kwenye simu kutafuta namna ya kuiokoa. Nikakutana na video ya bwana mmoja mwenye ndevu. Lugha yake niliielewa nusu nusu, lakini mikono yake niliielewa yote. Anachukua juisi ya tufaha, anaweka asali, anaweka hamira, anafunga, anasubiri. Mwishoni anakunywa kinywaji cha rangi ya dhahabu na kufumba macho kama mtu aliyesamehewa.

Nikasema, hiyo ndiyo njia yangu.

Nikaenda sokoni kwa Mama Nyuki, mwanamke anayeuza asali na anayetazama kila mnunuzi kama mwizi mtarajiwa.

"Asali nyingi hivyo, unamtibu nani?"

"Naitibu juisi."

"Ikifa usinirudie."

Nyumbani nikapasha juisi kidogo, nikakorogea asali mpaka ikayeyuka, nikachanganya na ile nyingine, nikaacha ipoe. Hamira haipendi kuunguzwa. Nikatia hamira, nikamimina kwenye mtungi mkubwa wa kioo, nikaacha nafasi juu kwa ajili ya povu. Kizibo nikakitoboa, nikapitisha mrija mwembamba, ncha yake nikaizamisha kwenye glasi ya maji. Hapo hewa ya ndani inatoka, ya nje haiingii.

Mke wangu alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Juisi. Umeanza kupika pombe nyumbani kwangu?"

"Ni mvinyo."

"Tofauti yake?"

"Mvinyo unausubiri wewe."

"Na pombe?"

"Pombe inakusubiri wewe."

Hakucheka, lakini hakunifukuza.

Bwana wa ndevu alisisitiza mahali penye ubaridi, pasipo na jua. Nyumba yetu ina mahali pamoja tu pa namna hiyo. Nikabisha hodi chumba cha nyuma.

"Baba, naomba niuweke mtungi wangu hapo kwenye kona."

Mzee akautazama mtungi. Akanitazama mimi. Akarudi ukutani.

Kwa baba mkwe, kimya ni ruhusa. Nikauweka.

Kesho yake ukaanza. Bluku, mapovu yanatoka kwenye mrija na kupasuka ndani ya glasi. Bluku, bluku. Kazi imeshika kasi. Nilifurahi kama niliyeajiriwa.

Siku chache baadaye, mchana, mke wangu alizima cherehani ghafla.

"Kuna mtu anaongea chumbani kwa baba."

Tukanyata. Mlango ulikuwa umeegeshwa.

Mzee alikuwa amevuta kiti, ameketi mbele ya mtungi, viwiko magotini.

"Leo jua kali," alikuwa anauambia. "Mtoto wako kanuna tangu asubuhi, sijui nani kamuudhi. Mume wake kaungua kidole. Wali ulikuwa na chumvi, lakini nimekula kidogo, usije ukasema sikula."

Bluku, ukajibu mtungi.

"Ndiyo hivyo," akasema mzee.

Tulirudi sebuleni tukaketi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mimi ndipo nilipocheka. Kicheko cha puani, cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Mke wangu hakucheka. Akasema taratibu, "Miezi yote nambembeleza baba yangu aniambie hata neno. Maneno anayo. Anaupa mtungi wako."

Kuanzia hapo kila mchana ilikuwa hivyo. Cherehani ikizimwa, unasikia. Mzee anatoa ripoti, mtungi unaitikia.

Na kingine kikaanza kunisumbua kichwa.

Kwa mujibu wa bwana wa ndevu, baada ya wiki kadhaa mapovu hupungua, kisha mtungi hunyamaza, machicha yanatua chini na kinywaji kinang'aa. Wangu ulikuwa unapungua vizuri tu, halafu ghafla unachachamaa upya kama umetukanwa. Unapungua, unachachamaa. Kiangazi kikawa kinaelekea mwisho, mtungi bado una nguvu za ujana.

Wakati huohuo asali ya jikoni ikawa inashuka.

"Unakunywa chai ya aina gani siku hizi?" mke wangu akaniuliza.

"Ya kawaida."

"Na asali inakwenda wapi?"

Nikakasirika kwa kusingiziwa. Nikaenda sokoni kulalamika kwa Mama Nyuki kwamba asali yake ina kasoro, imeifanya hamira yangu iwe na wazimu.

Alinisikiliza huku akifunga vifuniko.

"Asali yangu haina neno," akasema. "Kitu kisichoacha kupiga kelele ni kitu kinachokula. Nenda kaangalie nani anakilisha."

Siku iliyofuata nilifunga kibanda mapema, nikarudi kwa mlango wa uani, nikasimama karibu na dirisha la chumba cha nyuma.

Mzee alikuwa na kikombe cha maji ya vuguvugu. Akatia asali kijiko, akakoroga bila kugonga kingo, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. Akachomoa kizibo. Akamimina kidogo kidogo.

"Taratibu," akauambia. "Kunywa kidogo tu. Kidogo tu, mama."

Akarudisha kizibo, akaketi, akainamisha sikio.

Bluku.

Mabega yake yakashuka.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Nilimweleza mke wangu, na tukakubaliana kwamba akili ya mzee imeteleza. Mimi nikashauri tuuondoe mtungi. Yeye akaogopa kwamba tukiuondoa ataondoka nao. Tukabishana jikoni kwa kunong'ona, na mwisho tukamwita Sista.

Sista ni jirani yetu, muuguzi, mtu wa kuja na kipimo cha presha mkobani hata akija kuomba kitunguu. Tulimwambia aje ampime mzee, na akiwa pale amchunguze kichwa kwa jicho la pembeni.

Alikuja mchana. Alipofika kwenye korido akasimama.

"Mbona hamkuniambia mna mgonjwa wa oksijeni?"

"Hatuna," nikasema.

"Nasikia chupa yake."

Tukatazamana. Kutoka chumba cha nyuma, bluku, bluku, bluku.

"Huo ni mtungi wangu wa mvinyo," nikasema, na ilisikika vibaya hata kwangu.

Sista akasikiliza tena. "Ni sauti ileile. Oksijeni kabla haijafika puani kwa mgonjwa inapitishwa kwenye kichupa cha maji, ili isimkaushe. Kinatokota mchana kutwa pale ukutani juu ya kitanda. Wanaouguza wanaizoea sauti hiyo kuliko ya saa. Kikitokota, wanajua mtu wao yupo."

Mke wangu alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake mwenyewe.

"Mama alikuwa na oksijeni," akasema.

Hakusubiri presha ipimwe. Alikwenda chumba cha nyuma, akaingia bila hodi, akaketi sakafuni karibu na kiti cha baba yake. Sisi wawili tukabaki mlangoni kama viatu.

Hakuuliza mama alisema nini. Alisema, "Baba, inafanana, eeh?"

Mzee aliugusa mrija kwa ncha ya kidole. Kisha kufuli likafunguka.

"Inafanana," akasema. "Nilikaa pale sikutoka. Wenzangu wanatoka kuvuta hewa, mimi sitoki. Nilisema nikiwa nasikia, basi. Halafu asubuhi moja mama yako akaniambia, nenda ukanywe chai, uso wako unanichosha."

Mke wangu akatoa sauti ambayo sijui ilikuwa kilio au kicheko. "Ni mama kabisa."

"Nikaenda. Kikombe kimoja tu. Sikukaa. Niliporudi wauguzi walikuwa wameshaifunga oksijeni. Kimya." Akautazama mtungi. "Siku zote zile, na ilipohitajika niwepo, mimi napuliza chai."

Sista aliniondoa mlangoni kwa kunivuta shati.

Sijui walizungumza nini hadi jioni. Najua mke wangu alitoka na macho yamevimba na sura nyepesi, na akaniambia uamuzi wao kana kwamba ni mambo ya kawaida: mtungi hautalishwa tena. Utaachwa uende kwa wakati wake. Na baba hatakaa peke yake kuusubiri. Tutakaa wote.

"Wote?"

"Na wewe, Juisi."

Basi tukakaa.

Nilifunga kibanda mchana, mke wangu akahamia kushona kwa mkono. Viti vitatu mbele ya mtungi. Mapovu yakaanza kuchelewa. Unahesabu pumzi zako mwenyewe, unadhani umekwisha, halafu bluku. Mzee anarudisha mgongo nyuma.

Kwenye kimya kile alianza kusimulia. Namna mama mkwe alivyokuwa anapanga dawa zake kwa rangi ili chumba kipendeze. Namna alivyomgombeza daktari kwa viatu vichafu. Mke wangu alikula maneno hayo kama mtu aliyefunga.

Shida ni kwamba chumba hicho kina dirisha lingine la ubavuni, linalotazama njia na upande wa baraza. Na njia ile anapita Mzee Redio.

Mzee Redio ni jirani ambaye habari ikimpita huugua. Aliona watu watatu wameketi, vichwa chini, nyumba kimya, biashara zimefungwa. Hakuuliza. Akaenda kuleta benchi.

Nilipotoka kuona kelele za nini, barazani pangu palikuwa na watu wanane na chupa ya chai.

"Poleni sana," akaniambia Mzee Redio, amenishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Marehemu ni nani?"

Ukweli ulikuwa kwamba tunangoja mvinyo unyamaze. Nilifungua mdomo kuusema, sijui kwa maneno gani, ndipo sauti ikatoka nyuma yangu dirishani.

"Mke wangu," mzee akasema.

Watu wakainuka. Mmoja mmoja wakapita chumbani, wakamshika mkono. Pole mzee. Pole sana. Jikaze. Hakuna aliyeuliza lini. Hakuna aliyeuliza mtungi ni wa nini. Mmoja aliukwepa kwa heshima.

Mzee, ambaye kwenye mazishi yenyewe alisimama kama nguzo, alilia pale kwenye kiti, mkono wa mtu asiyemjua mkononi mwake.

Msiba wetu wa pili ukaendelea. Kila mchana watu wanakuja. Nikaona haya kuwaambia waache, na kusema kweli nilikuwa nimewazoea.

Siku moja Mzee Redio alikuwa barazani anatoa mhadhara kuhusu malori ya zamani. Akasema kwa uhakika mkubwa kwamba malori yale kwenye mteremko dereva alikuwa anazima injini ili breki zishike vizuri.

Chumbani, mzee aliinua kichwa.

"Nani huyo anayesema hivyo?"

"Mzee Redio, baba."

"Ataua watu."

Akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu aje, akavuka sebule, akatoka barazani. Tukamsikia: "Wewe, sikiliza. Ukizima injini kwenye mteremko umejichimbia kaburi." Kisha sauti ikapanda. Nyumba ya tatu wakajua yupo. Nikachungulia: mkono wake ulikuwa hewani, unashusha gia. Akawasimulia siku mama mkwe alipoligomea lori lake katikati ya mlima, akashuka na mabegi yake, akatembea kwa miguu, na yeye akamfuata nyuma kwa gia ya kwanza hadi juu, akiomba msamaha dirishani. Watu wakacheka. Yeye akacheka.

Mimi na mke wangu tulibaki chumbani tunalinda mtungi. Tuliketi mbele yake, karibu kiasi cha kuugusa. Hatukusinzia.

Baadaye mke wangu alinigusa goti.

"Mara ya mwisho umeusikia lini?"

Nikafikiri. "Si sasa hivi tu?"

"Mimi nauliza wewe."

Tukasogea. Maji kwenye glasi yalikuwa yametulia. Tukangoja. Tukangoja zaidi. Hakuna kitu.

Mke wangu akashika kichwa. "Baba ametoka. Imekwisha tena yeye hayupo."

Nilifikiria kuutikisa. Nakiri nilifikiria hata kuchomoa mrija nipulizie mwenyewe. Lakini mzee alikuwa ameshasimama mlangoni, tabasamu la barazani bado liko usoni, halijapata habari.

Akasikiliza. Alikuwa mtu wa kusikiliza injini, hakuhitaji kuambiwa.

"Umenyamaza saa ngapi?"

Tukatazama sakafu.

"Nawauliza. Nyinyi si mlikuwepo?"

"Tulikuwepo, baba," mke wangu akasema. "Hapa hapa. Hatukuinuka."

"Mkausikia unavyoisha?"

"Hapana."

"Haukukohoa? Gari hukohoa kabla ya kuzima."

"Haukukohoa. Hatujui ni lini, baba. Tulikuwa tunautazama na hatujui."

Mzee alimtazama binti yake, kisha mimi, kisha zile nafasi mbili tulizokalia, kama anapima umbali.

"Karibu hivyo," akasema.

"Karibu hivyo."

Akaketi. Akapitisha kiganja usoni, kutoka paji la uso hadi kidevuni, polepole. Tukangoja aanguke.

"Kumbe," akasema.

Barazani Mzee Redio alikuwa anakohoa kwa adabu.

"Kuna chakula gani?"

"Wali, baba. Nikuletee huku?"

"Huku kuna giza," akasema. "Nitakula na watu."

Mvinyo niliuacha utulie, kisha nikaujaza kwenye chupa. Kwa asali yote ile uliyolishwa, ulikuwa mkali kupita nia yangu. Mzee Redio alionja nusu glasi, akanyamaza hadi kesho yake. Mtaa mzima ulikuja kunishukuru.

Baba mkwe hakuonja. Alirudi kwake mvua zilipoanza, kuwahi kuku wake. Sasa hivi anapiga simu kila siku na hana kituo.

Nawaandikia haya kwa sababu najua wako wengi. Uliuguza mtu miezi, ukatoka kuchota maji, kupokea simu, kunywa chai, ukarudi umemkosa. Tangu siku hiyo unajihukumu.

Kuuguza ni zile siku zote ulizokaa. Ile dakika moja haina mlinzi. Sisi tulikuwa ndani, watu wawili wazima, macho yametutoka, na ilipita katikati yetu bila hodi.